Uamuzi Ukae Pamoja na Msimbo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kumbukumbu za Usanifu wa Programu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu kumbukumbu za maamuzi ya usanifu, zile faili fupi ambazo wahandisi wenyewe huziita ADR (Architecture Decision Records). Kwa asiyezijua: faili moja hubeba uamuzi mmoja, kwa ukurasa mmoja au miwili. Mwaka 2011 Michael Nygard alipendekeza ziwe na sehemu tano, yaani kichwa, hali, muktadha, uamuzi na matokeo. Zana nyingi zilizokuja baadaye zimejengwa juu ya umbo hilo.

Arusha: tuanze na zana gani?

*Wakuu, salaam. Tuko wahandisi sita. Maamuzi yetu hufanyika kwenye kundi la WhatsApp na kwenye vikao vya Jumatatu. Tulifungua hati ya pamoja ya Google Docs ili tuyaandike, imefika kurasa 40 na sasa hakuna anayeifungua. Tunataka zana isiyo na gharama. Tuanzie wapi?*

Hati yenu haikuharibiwa na Google. Imekufa kwa sababu mbili. Kwanza, iko mbali na kazi: mtu akifungua msimbo na kujiuliza kwa nini umeandikwa hivi, hakuna kinachompeleka kwenye ile hati. Pili, maamuzi yamerundikwa ndani yake bila mipaka, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama alichokuta ukurasa wa 12 bado kinatumika au kilishapitwa ukurasa wa 31. Mkihamia zana nyingine bila kurekebisha hayo mawili, mtapata kaburi jipya lenye rangi nzuri zaidi.

Bila shaka mnatumia Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Basi zana kuu mnayo tayari. Tengenezeni folda ndani ya repo ya mradi, yaani hazina ya msimbo wenu, na kila uamuzi uwe faili ya Markdown humo (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio). Ili msihangaike na namba na viungo, chukueni adr-tools, skripti za Bash alizoziandika Nat Pryce. Kwenye Mac ni `brew install adr-tools`. Kwenye Linux pakueni toleo 3.0.0 kutoka GitHub, lifungueni, kisha ongezeni folda yake ya `src` kwenye PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Kwenye Windows ziendesheni ndani ya Git Bash au WSL. Toleo hilo ni la siku nyingi, lakini hilo lisiwatishe: kinachobaki kwenye repo yenu ni maandishi matupu, hata zana ikitoweka kesho.

Halafu, mkiwa kwenye mzizi wa repo:

`adr init doc/adr`

`adr new Majibu ya M-Pesa yaingie kwanza kwenye foleni`

Amri ya kwanza huunda folda na faili namba 0001 inayosema kwamba mmeamua kuandika maamuzi. Ya pili huunda 0002 na kuifungua kwenye kihariri chenu; kisipofunguka, tangulizeni `export EDITOR=nano`.

Hapa kuna mitego miwili. adr-tools huipa kila kumbukumbu mpya hali ya `Accepted` tangu inapozaliwa, kana kwamba mmeshakubaliana. Badilisheni kwa mkono iwe `Proposed` mpaka mjadala uishe. Mtego wa pili huwakuta wanaotaka kiolezo cha Kiswahili. Kiolezo chenu kikae `doc/adr/templates/template.md`, kikiwa na maneno NUMBER, TITLE, DATE na STATUS kwa herufi kubwa pale mnapotaka yajazwe. Vichwa vyote mnaweza kuvitafsiri isipokuwa `## Status`. Amri ya kufuta uamuzi wa zamani hutafuta kichwa hicho neno kwa neno ili iweke kiungo chini yake. Isipokikuta, haiweki kitu na wala hailalamiki. Neno `Accepted` nalo liacheni kama lilivyo, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa maudhui, maana hapo ndipo timu nyingi huteleza. Huu ni mfano wa duka la mtandaoni linalopokea malipo kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa:

> 2. Majibu ya M-Pesa yaingie kwanza kwenye foleni
>
> Muktadha. Mteja akimaliza STK Push (ombi la kuweka PIN linalotokea kwenye simu yake), Daraja hutuma matokeo kwenye anwani yetu ya kupokelea. Leo mpokeaji hufanya mambo matatu ndani ya ombi hilo moja: husasisha oda, hutuma SMS ya risiti, kisha hujibu. Mtoa huduma wa SMS akichelewa, ombi hukatika katikati na oda hubaki "inasubiri" ilhali pesa imelipwa. Timu ina watu 4. Tunaendesha hifadhidata ya PostgreSQL, hakuna mwenye uzoefu wa mifumo ya foleni kama Kafka wala RabbitMQ.
>
> Uamuzi. Mpokeaji ataandika jibu ghafi kwenye jedwali la foleni ndani ya PostgreSQL na kujibu papo hapo. Programu ya nyuma itachukua safu kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED` (kuruka zilizoshikwa tayari), itasasisha oda, kisha itatuma SMS. `CheckoutRequestID`, utambulisho wa kila ombi la malipo, itakuwa ya kipekee kwenye jedwali, ili jibu likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili.
>
> Tulizoziacha. RabbitMQ: inafaa, ila inaongeza seva ya kulinda usiku na mchana kwa kazi ndogo. Kafka: sababu hiyohiyo, na zaidi. Kuongeza muda wa kusubiri SMS: kunaficha tatizo.
>
> Matokeo. Risiti itachelewa kwa sekunde chache. Jedwali litahitaji kusafishwa kila wiki. Foleni haisaidii jibu ambalo halikufika kabisa. Kuuliza hali ya muamala kutakuwa na uamuzi wake.
>
> Tutaufungua upya ikiwa safu zinazosubiri zitazidi 1,000 kwa zaidi ya dakika 10 katika siku ya kawaida, au tukiajiri mtu wa miundombinu.

Tazameni sehemu mbili ambazo hazimo kwenye zile tano za Nygard: zilizoachwa, na masharti ya kuufungua upya. Sisi tunazitaka kila mara. Mhandisi atakayeajiriwa mwakani hatauliza kwa nini mlichagua jedwali. Atauliza kwa nini hamkuchagua RabbitMQ, na pasipo na jibu atairudisha hoja yote mezani. Masharti nayo huzuia ubishi wa ladha. Namba ikivuka mnakaa, isipovuka mnaendelea na kazi.

Muktadha mzuri una mambo yanayoweza kuthibitishwa: idadi ya watu, mzigo, sheria, ujuzi uliopo, muda uliobaki. Sentensi kama "tunahitaji mfumo wa kisasa na imara" ifuteni. Haimfungi mtu yeyote.

Mwenendo wenyewe uwe hivi. Mwenye hoja hufungua tawi (nakala ya kazi iliyo kando ya ile kuu) lenye kumbukumbu peke yake, bila msimbo. Anafungua ombi la kuunganisha (pull request), anataja wawili watakaolipitia, na anaandika siku ya mwisho ya maoni. Siku 3 za kazi zinatosha kwa timu ya watu sita. Maoni huandikwa kwenye mstari husika. Mkikubaliana, hali inabadilishwa kuwa `Accepted` na tawi linaunganishwa. Msimbo unafuata kwenye ombi lake, ukitaja namba ya uamuzi. Msimbo ukitangulia, kumbukumbu hugeuka hati ya kujitetea, na hakuna anayeipinga kwa sababu kazi imeshafanyika.

WhatsApp endeleeni nayo kwa kuchokonoa mawazo. Wekeni sharti moja tu: kisichokuwa kwenye ombi la kuunganisha hakijaamuliwa.

Mombasa: namba zimegongana

*Hamjambo. Tumekuta faili mbili zinazoanza na 0014 kwenye tawi kuu, za maamuzi tofauti kabisa. Git haikutuonya. Imekuwaje, na tufanyeje?*

Watu wawili walitoka kwenye tawi kuu lilipokuwa na 0013, na kila mmoja akapewa 0014 na zana yake. Git hulinganisha majina kamili ya faili. `0014-tumia-redis.md` na `0014-gawa-huduma-ya-picha.md` kwake ni faili mbili zisizohusiana, kwa hiyo hakuna mgongano wa kuonya.

Ile iliyounganishwa baadaye ipeni namba inayofuata, kisha tafuteni kila mahali palipotajwa 0014, ndani ya msimbo na kwenye kumbukumbu nyingine. Halafu wekeni ukaguzi wa kiotomatiki kwenye kila ombi la kuunganisha:

`test -z "$(ls doc/adr | cut -c1-4 | sort | uniq -d)"`

Amri hii hushindwa namba ikijirudia. Ila ukaguzi huo peke yake hautoshi. Ombi linaweza kupita asubuhi, la mwenzako likaunganishwa adhuhuri, na lako likaingia jioni likiwa na matokeo ya asubuhi. Kwenye GitHub washeni kanuni inayotaka tawi liwe limesasishwa kutoka tawi kuu kabla ya kuunganishwa, ndipo ukaguzi urudiwe juu ya hali halisi.

Ikiwa mnaandika maamuzi mengi kwa wakati mmoja, acheni namba kabisa mtumie tarehe. Log4brains, zana nyingine ya kuandika ADR, hufanya hivyo: faili huitwa kwa mfano `20250310-gawa-huduma-ya-picha.md`. Mnachopoteza ni wepesi wa kusema "soma namba 14" kikaoni.

Dar es Salaam: mwanasheria hana Git

*Nafanya kazi kwenye kampuni ya mikopo midogo. Kila uamuzi unaohusu mahali taarifa za wateja zinapohifadhiwa lazima upitiwe na ofisa wetu wa sheria na meneja wa bidhaa. Hawajui Git na hawataki kujua. Tufanye kila kitu kwenye Confluence, wiki yetu ya ofisini?*

Hawana sababu ya kujifunza Git, na ninyi hamna sababu ya kuhama. Tenganisheni mjadala na kumbukumbu. Mjadala ufanyike mahali wote wanapoweza kuandika. Kumbukumbu ikae palipo na msimbo.

Rasimu ianze kwenye hati ya pamoja, Google Docs au ukurasa wa Confluence, ikiwa na vichwa vilevile vya kiolezo chenu. Ofisa wa sheria aulizwe swali moja analoweza kulijibu. "Una maoni gani kuhusu usanifu huu?" litakaa wiki mbili bila jibu. "Je, nakala ya akiba ya taarifa za wateja ikikaa kwenye seva iliyo nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tutimize nini kwanza?" litajibiwa. Rasimu ipewe siku 5 za kazi. Zikiisha, mhandisi mmoja aliyetajwa kwa jina anahamisha maandishi kwenye Markdown, anaifunga ile hati isihaririwe tena, na anaweka juu yake kiungo cha kwenda kwenye repo. Hatua hii ya kufunga ndiyo husahaulika. Miezi minne baadaye mnakuta matoleo mawili yanayopingana, na kila idara inaamini lake.

Kwa hali yenu kiolezo kingine cha ADR, kiitwacho MADR, kinafaa kuliko kile cha Nygard. Juu ya faili kina sehemu za waamuzi, walioombwa ushauri na waliojulishwa. Ofisa wa sheria aandikwe panapomstahili. Akiwa na mamlaka ya kuzuia, yeye ni mwamuzi. Kumweka kwenye orodha ya ushauri ni kujitafutia ugomvi. MADR pia ina sehemu ya uthibitisho, mnapoandika jinsi mtakavyojua uamuzi unafuatwa kweli, kwa mfano ukaguzi unaokataa seva mpya iliyo nje ya eneo mlilokubaliana.

Ili wasiotumia Git waweze kusoma, Log4brains hugeuza folda nzima kuwa tovuti yenye kisanduku cha kutafutia. Inahitaji Node.js: `npm install -g log4brains`, kisha `log4brains init`, na `log4brains preview` kwa kutazama kwenye mashine yenu. `log4brains build` hutoa faili za tovuti, nanyi mnaziweka kwenye seva ya ndani. Isiwe ya wazi kwa umma. Maamuzi ya usalama yanaeleza udhaifu wa mfumo wenu kwa mpangilio mzuri mno.

Kuhusu Confluence yenyewe: haina ubaya kwa timu ambayo kweli inaishi humo. Kasoro yake kwa kazi hii ni kwamba ukurasa hubadilishwa bila mtu kuupitia, na hauandamani na msimbo. Ukirudi kwenye toleo la mwaka juzi la programu, Git inakurudishia na maamuzi ya wakati ule.

Nakuru: uamuzi gani unastahili?

*Mwenzangu ameandika kumbukumbu ya kuchagua maktaba ya kupanga tarehe. Je, si kupita kiasi?*

Ndiyo, ni kupita kiasi, isipokuwa maktaba hiyo imeenea kila faili. Jiulizeni: tukibadili mawazo baada ya miezi sita, kazi ya kurudi nyuma ni ya siku au ya wiki? Ikiwa ni ya siku, maelezo ya commit (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git) yanatosha. Ikiwa ni ya wiki, au inagusa timu nyingine, pesa, usalama au taarifa za watu, iandikeni.

Dodoma: tumebadili mawazo

*Uamuzi wetu namba 9 ulisema tutatumia hifadhidata ya MongoDB. Sasa tunahamia PostgreSQL. Msimamizi anasema tuhariri namba 9 ili hati isipingane na hali halisi. Mimi naona tuandike mpya. Nani yuko sahihi?*

Wewe. Muktadha wa namba 9 ulikuwa wa kweli siku ile, na mkiuhariri mtafuta sababu za kila kitu kilichojengwa juu yake. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko ADR. Hati za RFC za intaneti, zilizoanza 1969, hazihaririwi zikishatoka. Hutolewa mpya inayotangaza kwamba imeiondoa ya zamani.

`adr new -s 9 Kuhamia PostgreSQL kwa taarifa za oda`

Alama `-s 9` huweka kiungo kwenye faili zote mbili na kuondoa `Accepted` kwenye ile ya zamani. Uamuzi mpya ukirekebisha sehemu tu ya ule wa kwanza, msiufute. Tuseme mpya ni namba 15: tumieni `adr link 15 Amends 9 "Amended by"`. Na kama mna Graphviz, programu ya kuchora michoro, `adr generate graph | dot -Tpng -o maamuzi.png` itawachorea ukoo mzima.

Makosa ya tahajia, viungo vilivyokufa na majina ya seva yaliyobadilika vinaweza kusahihishwa ndani ya faili ya zamani. Kinachokatazwa ni kugusa hoja.

Tena, katika namba mpya, andikeni ni dhana ipi ya namba 9 iliyobadilika. "MongoDB imetushinda" haitoshi. "Tulidhani kila oda itasomwa peke yake, sasa ripoti za kila saa zinaunganisha oda, malipo na wateja" inamwambia msomaji kosa lilikuwa wapi, au kwamba halikuwa kosa bali biashara imebadilika.

Nairobi: repo kumi na nne

*Tuna huduma 14, kila moja na repo yake. Maamuzi yakae wapi?*

Uamuzi unaogusa huduma moja ukae kwenye repo ya huduma hiyo. Unaogusa mbili au zaidi ukae kwenye repo ya pamoja ya usanifu, na kila huduma iwe na kiungo cha kuifikia ndani ya README yake, faili ya maelezo ya mwanzo. Msinakili faili kutoka repo hadi repo. Nakala zitatofautiana kabla ya robo mwaka.

Kwenye hiyo repo ya pamoja wekeni faili ya CODEOWNERS yenye mstari kama `/doc/adr/ @kampuni/wasanifu`, ili wahusika waombwe kupitia bila kukumbushwa. Kuomba si kulazimisha: bila kanuni ya kulinda tawi inayotaka idhini ya wenye msimbo, ombi linaweza kuunganishwa huku wasanifu hawajafungua macho. Kabla ya kupanga bajeti jueni pia kwamba kwa repo binafsi GitHub hutoa kanuni hizo kwenye mipango ya kulipia, na GitLab nayo huiweka CODEOWNERS kwenye mpango wa kulipia.

Mkishakuwa na lango la wahandisi la Backstage, lina kiongezi cha kuonyesha ADR za kila huduma mahali pamoja. Kulisimamisha Backstage kwa ajili ya ADR peke yake hatushauri.

Zanzibar: miaka minne nyuma

*Mkuu wa idara anataka tuandike maamuzi yote ya miaka minne iliyopita kabla ya mwisho wa mwezi. Waliofanya mengi ya maamuzi hayo wameshaondoka. Tunaanzaje?*

Kwanza mwombeni aondoe neno "yote". Andikeni orodha ya maswali ambayo wageni kwenye timu huuliza kila mara, na sehemu za msimbo ambazo watu huogopa kuzigusa. Kwa mradi wa umri huo mtapata kama kumi hivi, na hizo ndizo za kuandika.

Kwa kila moja, chimbeni ushahidi. `git log --follow -- jina/la/faili` huonyesha historia hata faili ilipobadilishwa jina. `git log -S "neno"` huonyesha commit iliyoingiza au kuondoa neno hilo, yenye manufaa sana mkitafuta siku maktaba fulani ilipoingia. Kutoka kwenye commit nendeni kwenye ombi lake la kuunganisha, msome maoni ya wakati ule. Waliopo ofisini wahojiwe kwa dakika 20, wakiwa wameonyeshwa commit zenyewe. Kumbukumbu ya kichwani bila ushahidi hupambwa.

Tarehe iwe ya leo, na muktadha uanze kwa kusema wazi kwamba kumbukumbu imeandikwa baadaye, ikitaja mwezi uamuzi ulipofanyika. Sababu isipopatikana, andikeni "sababu haikupatikana" na mwishie hapo. Msitunge. Sababu ya kubuni ikishaingia kwenye faili yenye namba rasmi, itaheshimiwa kwa miaka na watu watapanga kazi kuizunguka. Pengo lililotajwa wazi linampa mtu ruhusa ya kulipima jambo upya.

Mkimaliza hizo kumi, onyesheni kazi kwa mkuu wenu kabla ya kuendelea. Huenda akaridhika, na mwezi ukabakiwa na siku za kuandika uamuzi mnaoufanya sasa hivi.